Kikombe Kisichotikiswa

Jua lilikuwa limebakisha kimo cha mtu kuzama, na mimi bado sijanunua ubani.

Shangazi Mwanamize alinituma asubuhi, nikiwa navaa viatu kibarazani kwake, Sib, pembezoni mwa Maskati. "Ukimaliza matembezi yako pita dukani uninunulie ubani, Musallam. Na Maghrib isikukute njiani. Nna roho moja tu, nayo imeshachoka kungoja watu."

Nilimwahidi. Ilikuwa siku yangu ya mwisho kabla ya kurudi Unguja, na nilitaka kuitumia peke yangu katika Mji wa Sinema, ng'ambo ya Qurum, ufukweni. Mwaka huo wa 1999 ndiyo kwanza palikuwa pamefunguliwa. Hapo ndipo iliporekodiwa michezo ya televisheni, na sasa watu waliruhusiwa kuingia kuona mitaa ya mbao na majumba yasiyo na mgongo.

Aliyekuwa anipeleke ni Wadha, bintiye Shangazi. Tulilelewa naye nyumba moja, Malindi ya Unguja, mpaka alipotimia miaka kumi na miwili wakahamia Maskati. Mimi nilitunga mashairi tangu mdogo, na yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa kugonga ukuta. Nilikuwa nikibisha mlango wa chumba chake nikisema, "Nimefika mlangoni." Naye hujibu kutoka ndani, "Ingia usiogope." Mizani nane. Nane kwa nane.

Barua yake ya mwisho ilikuwa na tiketi mbili ndani. "Njoo ntakupeleka ukaone mvua ya uongo."

Nilipofika, Wadha alikuwa na miezi mitano kaburini. Alijilaza baada ya chakula cha mchana, asiamke.

Kaburini. Kila mtu alisema hivyo, isipokuwa mama yake.

Shangazi alikuwa na kanga moja ameikunja chini ya mto. Ndiyo aliyojifunga siku ya kumwosha mwanawe. Ilikuwa na doa jeusi lenye wekundu wa kutu, kubwa kama kiganja, ambalo sabuni, ndimu na chumvi vyote vilishindwa kulitoa. "Maiti haitoi utomvu, mwanangu," aliniambia. "Mgomba ndio unaotoa."

Nilijua anasema nini. Nani asiyejua? Wachawi humchukua mtu wakaacha mgomba mahali pake, na machoni pa watu mgomba huonekana maiti. Unaoshwa, unasaliwa, unazikwa. Mtu mwenyewe yuko mbali, anafanyishwa kazi, analishwa pumba, hasemi. Chuoni niliwahi kuandika insha juu ya imani hizo nikasifiwa na mwalimu. Basi nikanyamaza kwa adabu, nikamwonea huruma.

Mchana katika Mji wa Sinema ulikuwa wa kuchekesha. Niliona mvua inayotoka kwenye mabomba. Niliona moto usiounguza na tufani ndani ya bwawa. Watu wa majumba ya Qurum walipigana picha na watoto wao. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya ya kucheka peke yangu.

Alasiri nikaingia mkahawani kununua maji. Nyuma ya meza alikuwa mwanamke Mkenya, jina lake Dorothy limeandikwa kifuani.

"Wewe ni wa Zanzibar," alisema kabla sijapokea chupa. "Hiyo Kiswahili yako imepigwa pasi."

"Na yako?"

"Yangu ni ya Kisumu. Tunaivaa tu hivyo ikiwa na makunyanzi." Akanitazama. "Uko peke yako? Nani hukuja hapa peke yake?"

Nikamwambia niliyekuwa nije naye amefariki. Akaacha utani. Nikauliza kimebaki nini cha kuona.

Akafuta meza. Akaifuta tena, pale pale.

"Kuna Mtaa wa Zamani, huko nyuma. Wanafungua jioni tu. Ukienda, angalia halafu utoke. Usikule kitu huko. Usikunywe kitu."

"Kwa nini, dada?"

"Mimi ndiye napikia wale watu wa kujaza mtaa," alinong'ona. "Unajua napika nini? Pumba. Pumba na maji, bila hata chumvi. Nilidhani ni ya kuku. Nikauliza, kuku wako wapi nione..." Akatazama mlangoni. "Mwezi huu ukiisha naenda zangu. Haki ya Mungu."

Nilikwenda. Mtu akikatazwa mlango huutazama mara mbili.

Mtaa ule ulikuwa kichochoro cha Unguja. Baraza, milango ya nakshi, madirisha ya juu... yote mbao na rangi. Ndani yake watu walikwenda na kurudi. Mmoja alibeba pakacha. Mmoja alifagia mahali pasipo na taka. Wageni walipiga picha, wakasifu jinsi waigizaji wasivyochoka.

Mimi nilisikia harufu.

Vyetezo vilifuka kila pembe, lakini chini ya moshi wa ubani palikuwa na kitu kingine. Kitamu. Kilichooza. Kama shimo linalotupwa migomba iliyokatwa, siku ya tatu, mvua ikishanyesha juu yake.

Bwana mnene mwenye bakora alitukaribisha barazani, wageni sita au saba. "Tafadhalini. Kahawa."

Nilikumbuka onyo la Dorothy. Lakini nimelelewa kutokataa kahawa ya mtu, nikasema moyoni nitaonja kimoja, nitatikisa, nitaondoka.

Huko Maskati kikombe kina desturi yake. Anayemimina husimama mbele yako. Ukimrudishia kikombe kimetulia, anajaza. Ukikitikisa kidogo, hivi, kwa kifundo cha mkono, amejua umetosheka. Anakichukua na kwenda kwa mgeni mwingine. Kwetu hatuna hilo. Wiki yangu ya kwanza nilikunywa vikombe tisa kwa adabu, na Saud, kaka yake Wadha, akigaragara kwa kicheko. "Tikisa, bwana, utapasuka!"

Mwanamke mwenye birika akafika kwangu.

Uso ulipakwa rangi nene kama samli iliyoganda. Pembezoni mwa midomo palikuwa na chenga kavu za pumba. Nzi alitembea kwenye kope yake, kutoka pembe hii hadi ile, na kope haikupepesa.

Nikatazama chini ili nisitapike. Nikaona mkono.

Kidole cha mwisho kilipinda nje. Kilivunjika mlangoni, Malindi, tukiwa watoto. Mlango niliufunga mimi.

Akamimina. Nikanywa.

Kahawa ilikuwa vuguvugu na nzito. Ilishuka kama kamasi, ikanata kwenye kaakaa. Nikanyoosha kikombe, nikiwa nimeshikilia mkono usicheze. Akajaza.

Hapo nikaelewa. Nisipotikisa, hawezi kuondoka.

Kikombe cha pili. Nyuzi ndefu zilinasa menoni. Nikainama kana kwamba nakipuliza.

"Nimefika mlangoni," nilinong'ona.

Hakuna kitu.

Kikombe cha tatu kilikuwa na pumba, zikakwaruza koo. "Wadha. Nimefika mlangoni."

Mdomo wa birika ukagusa ukingo wa kikombe changu. Tk. Tk. Tk. Nikahesabu. Mizani haijawahi kunidanganya.

Nane.

Nilifikiri haraka. Jua lilikuwa linazama, wageni wangetoka, mlango wa nyuma ulikuwa wazi kuelekea ufukweni. Ningemzuia hapa mpaka watu waanze kuinuka, kisha ningemshika mkono tukimbie. Vikombe vingapi? Vitano? Kumi? Nilikwisha kunywa tisa kwa ajili ya adabu tu. Nisingeshindwa kunywa kwa ajili ya Wadha.

"Simama nami," nikamwambia. "Usiende. Nakunywa."

Cha nne. Cha tano. Kilikuwa na kipande cha kitu laini kilichozunguka juu ya ulimi wangu, kikakataa kumezwa, kikarudi, nikakimeza tena. Machozi yalinitoka. Mgeni mmoja akacheka. "Huyu kaipenda!"

Wadha akashika mkono wa kanzu yangu. Vidole vilikuwa baridi na vimelowa. Akafungua kinywa, kidogo tu, kwangu mimi peke yangu.

Hapakuwa na ulimi. Palikuwa na kigutu cheusi, kimekatwa sawa kama mgomba unavyokatwa, na katikati yake kitu cheupe kikichuruzika.

Harufu ikanipiga usoni.

Bwana mwenye bakora alikuwa ameacha kuzungumza na wenzangu. Akaja polepole, akasimama pembeni. "Mgeni hajatosheka?" aliuliza kwa upole. "Mmiminie."

Cha sita.

Mbali, adhana ya Maghrib ikaanza. Wageni wakaanza kuinuka. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Kikombe kimoja, pengine viwili. Nikakinyoosha, kimetulia, akajaza cha saba hadi juu. Povu la kijivu lilielea na ndani yake alizama nzi yule, bado anapiga mbawa.

Nikanywa.

Mwili wote ukakataa. Nikanyoosha kikombe, na mkono ukacheza.

Mara moja. Mara mbili.

Wadha akakitazama kikombe. Kisha akanitazama mimi. Ndipo kope zake zilipopepesa, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwona. Akaachia kanzu yangu. Akachukua kikombe kwa ule mkono wenye kidole kilichopinda, akageuka, akaenda.

Ningeweza kumwita. Ningeweza kusema, niongezee.

Nilikimbia. Nyuma ya mabomba ya mvua ya uongo nilipiga magoti nikatapika, na kilichotoka hakikuwa kahawa. Kilikuwa utomvu mweupe, mrefu, uliokataa kukatika mdomoni mpaka nilipouvuta kwa vidole.

Teksi ilinifikisha Sib usiku umeshaingia.

"Ubani uko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Nimesahau."

Akanitazama nikipita. Akavuta pumzi puani, kama mtu anayenusa chungu. Nikavua kanzu, nikalala.

Asubuhi nilimkuta bombani na kanzu yangu. Ndimu. Chumvi. Sabuni. Alikuwa anasugua mkono wa kulia, pole pole, kama mtu anayejua jibu. Aliponiona akaacha, akaingia ndani, akatoka na kanga. Akaitandaza juu ya jiwe, na kanzu kando yake.

Madoa mawili. Rangi moja.

Lile la kanzu lilikuwa na alama za vidole vitano, cha mwisho kimepinda nje.

Shangazi hakulia. "Sema," alisema.

Nikasema. Mlango, birika, vikombe saba. Nilisema mkono ulinicheza. Saud alikwishawasha gari kabla sijamaliza.

Tulipofika langoni walinzi walituambia Mtaa wa Zamani hauna waigizaji. Ni masanamu tu, siku zote yalikuwa masanamu. Saud aliwasukuma tukapita.

Mtaa ulikuwa kimya. Barazani, pale pale aliposimama Wadha, palisimamishwa mgomba umevishwa nguo zake, umefungwa ushungi, birika limening'inizwa kwa kamba. Ulikuwa umekatwa karibuni. Utomvu ulikuwa bado unadondoka kwenye birika. Tk. Tk. Shangazi aliukumbatia. Mashavu yake yalinata kwenye maganda, na alipojitoa palisikika sauti ya kitu kikibanduka.

Dirisha la mkahawa lilifunguka upenyo. Dorothy.

"Wamepakiwa lori alfajiri, mama," alinong'ona. "Wote. Sikuona wanaenda wapi. Nilisikia tu mmoja anagonga ubao. Anagonga, ananyamaza. Anagonga, ananyamaza." Akafunga dirisha.

Sikumuuliza aligonga mara ngapi.

Tulishika barabara ya kurudi Sib, inayopita uwanja wa ndege. Saud alitazama barabara. Shangazi alikaa nyuma pamoja nami, kanga na kanzu mapajani pake. Tulipoukaribia uwanja akasema, bila ukali, "Musallam. Kile kikombe. Ulikitikisa?"

"Mkono ulitetemeka, Shangazi. Nilishindwa kuuzuia. Hata sasa nikikumbuka ile ladha, nasikia kutapika."

"Lete."

Nikampa mkono. Akauweka juu ya lile doa la kanga, kiganja juu, akaunyoosha kidole kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikichomwa na mwiba. Akautazama. Gari likapita nguzo ya taa moja, mbili, tatu.

"Mbona sasa hautetemeki?"