Mafuta ya Kupikia Hayavai Utepe

Ndugu zangu, kabla hamjasema kwamba ninaanika mambo ya ndani ya nyumba yetu, jueni kwamba mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Alisema, "Waambie. Wanaotaka kucheka wacheke, lakini wasikie."

Mama yangu ni fundi cherehani. Ametulea, kaka yangu na mimi, kwa tundu la sindano, wala sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Asubuhi alikuwa akifungua dirisha la chumba cha mbele, anavuta kiti, analamba ncha ya uzi na kuupitisha kwenye sindano mara moja tu, bila miwani. Kisha ananitazama kwa pembe ya jicho kuhakikisha nimeona.

"Umri wangu huu," anasema, "na wewe msichana bado unapapasa."

Mimi kazi yangu ilikuwa vifungo na pasi. Redio inaimba chinichini, pasi inafuka mvuke, wateja wanaingia kujaribu nguo na kulalamika kuhusu kiuno. Hatukuwa matajiri mle ndani, lakini hatukuwa tukimwogopa mtu.

Basi kaka akaanza biashara ya mafuta ya manukato.

Biashara yenyewe haikuwa na ubaya, na nataka hilo lieleweke, maana wako watu wakisikia mtu kaanguka hulaumu kazi yake badala ya tabia yake. Kaka ana kipaji. Anakunusa shingoni akakwambia ulichojipaka jana. Mtaani wakambandika jina la Pua, naye akalipenda. Alikuwa akiagiza kwa simu kwa muuzaji wa nchi jirani: udi, miski, waridi, yasmini. Mzigo ukifika anayapima kwa bomba la sindano, anayatia kwenye vichupa na kuwauzia wachuuzi. Yaliuzika kweli.

Ubaya ulianzia mpakani. Manukato yana ushuru wake, na ni mkubwa kuliko wa mafuta ya kupikia. Kaka akaona kuulipa ni ujinga. Akapatana na muuzaji ayatie kwenye madumu ya mafuta ya kupikia, yale ya manjano mnayoyajua, na dereva wa lori ayachanganye na madumu ya kupikia ya kweli. Rangi ya mafuta ni ileile. Kifuniko kinabanwa na kuzungushiwa nailoni harufu isitoke. Ofisa wa forodha akiuliza, jibu ni moja: mafuta ya kupikia.

"Tafuta wakala wa forodha," nilimwambia. "Atakujazia karatasi, utalipa, utalala usingizi."

"Wakala ni mdomo mwingine wa kulisha."

"Na siku ukikamatwa?"

"Mdogo wangu, wewe shona vifungo."

Nikashona vifungo. Mtu akishakwambia hivyo unafanya nini?

Sasa sikilizeni mahali alipoyaweka hayo madumu. Jikoni. Chumba chake kilikuwa kimejaa vichupa na maboksi, akasema, "Si mafuta ya kupikia? Basi yakae jikoni," akacheka peke yake. Nilimwomba ayahamishe. Nikamwomba tena. Nilipochoka kuomba nilichukua utepe mwekundu katika mabaki ya vitambaa vya mama, nikalifunga kila dumu la manukato shingoni.

"Mama," nikamwambia, "lenye utepe usiliguse. Lisilo na utepe ndilo letu la kupikia."

Mama akayatazama madumu, akanitazama mimi. "Kumbe ndani ya nyumba yangu nimeshawekewa alama za barabarani." Lakini akazoea. Mkono wake ukajifunza kupita kando ya utepe bila yeye kufikiri.

Najua kuna anayejiuliza pua zetu zilikuwa wapi. Ndugu yangu, nyumba nzima ilikuwa manukato. Mapazia, mito, hata mkate. Mtu akikaa na harufu moja kutwa kucha huacha kuisikia. Jirani yetu alikuwa akisema, "Nikipita kwenu nguo zangu zinatangulia harusini, mimi nimebaki na ndoo yangu ya maji." Tulikuwa tukicheka, tunavuta hewa, hatusikii kitu. Pua mwenyewe ilimbidi atoke nje apigwe na upepo kwanza ndipo aweze kunusa bidhaa yake.

Madumu matupu yalikuwa yakirudi na lori ili yajazwe tena, na utepe wake shingoni. Siku moja dereva alileta mzigo akiwa amenuna.

"Pua, njoo hapa," akasema, hata hajashuka vizuri. "Nani anafunga haya matepe?"

"Kwani vipi?"

"Ofisa ameshika dumu, ananiuliza kama leo ni sikukuu yake ya kuzaliwa. Nimejikanyaga pale mpaka jasho limenitoka. Sikiliza, bwana. Mafuta ya kupikia hayavai utepe. Ukifunga tena, utayabeba mwenyewe kichwani."

Kaka akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyevusha magendo. Akachukua mkasi wa mama, ule wa kitambaa ambao hata karatasi haturuhusiwi kukatia, akaanza kukata. Alikata tepe za madumu matupu, akaendelea na yaliyojaa.

"Yaliyojaa yaache," nikamwambia. "Hayo hayaendi popote. Yanakaa na mama jikoni."

"Nayahamishia chumbani kwangu sasa hivi."

"Sasa hivi ya nani? Yako au ya saa?"

"Dada, nimesema nahamisha."

Na kweli alianza kuhamisha. Nilimsikia akiyaburuta, nikasikia na mlango wa chumba chake ukifungwa kwa ufunguo. Alipopita chumba cha mbele akitoka, simu sikioni, nikamuuliza, "Umehamisha yote?"

"Yote."

Hakuwa amehamisha yote. Dumu moja la yasmini aliliacha jikoni kwa sababu alitaka kulipima akirudi, na hakuona haja ya kurefusha maneno. Kusema "yote" kulikuwa kwepesi zaidi. Alishazoea jibu fupi.

Mchana mama akaniachia cherehani akaenda kukaanga vitunguu. Aliona dumu lisilo na utepe. Akamimina kikaangoni, akawasha gesi, akaanza kukata kitunguu.

Nilisikia sauti kama kitambaa kikichanwa, halafu mama akaniita, si kwa kelele, kwa sauti ya kushangaa. Nilipofika moto ulikuwa umesimama juu ya kikaango. Mama alikuwa amejaribu kukisukuma na mafuta yakamrukia usoni. Nikakifunika kwa sinia, nikazima gesi. Alikuwa ameketi sakafuni, kiganja juu ya jicho la kulia.

"Hayakuwa na utepe," akaniambia. Alikuwa anajitetea, mama wa watu, kana kwamba kosa ni lake.

Nikampigia kaka simu, akafika na gari la rafiki yake, tukampeleka zahanati. Muuguzi hakungoja maelezo. Alimlaza, akaanza kumwagia maji jichoni, huku akiuliza, "Amerukiwa na nini?"

Kaka akajibu upesi kuliko nilivyowahi kumsikia akijibu lolote: "Mafuta ya kupikia."

Lilikuwa jibu la mpakani, limetoka lenyewe.

Muuguzi aliinamia uso wa mama, akainuka. "Mafuta gani ya kupikia yananukia yasmini?"

"Nyumbani tuna manukato, sista. Labda nguo."

"Kaka, mimi na pua yangu hatujawahi kugombana. Sikukamati. Nataka kujua ninaosha nini na nimwambie nini daktari."

Kaka akatazama mlangoni. Pale nje palikuwa na mlinzi mzee, kofia imemwangukia machoni, anasinzia. Huyo ndiye aliyekuwa akiogopwa na kaka. Nikafungua kinywa niseme mimi, lakini mama akanibana mkono. Akageuza uso kule alikosikia pumzi za mwanawe, maji yakimtiririka mpaka masikioni.

"Mwanangu," akasema, "ninayekuuliza ni mimi, si forodha. Jichoni mwangu mna nini?"

Kaka alikaa chini, palepale sakafuni. "Manukato, mama. Mafuta yenyewe, hayajachanganywa. Dumu moja nililiacha jikoni."

"Haya," akasema muuguzi, "sasa tufanye kazi." Akamwita daktari, akafungua chupa nyingine ya maji.

Shavu la mama lilipona. Jicho lipo, lakini lina ukungu usioondoka. Uzi mmoja anauona kama nyuzi mbili, na tundu la sindano halioni kabisa.

Siku hizi kaka anatumia wakala. Mzigo wa kwanza uliopita kwa haki ulifika kwenye chupa zake, kila moja na jina lake na muhuri wa forodha kwenye boksi. Akauleta chumba cha mbele mama auone. Mama hakuinua uso. Alikuwa ameshaweka kiti cha pili kando ya cherehani.

"Kaa," akamwambia. "Tunga."

Kaka akachukua uzi. Ana vidole kama viazi. Akalamba ncha, akakosa, akalamba tena, akakosa. Wateja wawili wamesimama wanangoja.

"Mama, nina mzigo wa kupanga."

"Mzigo hauna macho, hautaona kama umechelewa. Tunga."

Tangu hapo ni kila asubuhi. Mimi ningemtungia kwa kufumba na kufumbua, lakini nimekatazwa. Pua anahema na kutoka jasho, uzi unapita kushoto, unapita kulia, na mama anangoja amekunja mikono, anamtazama kwa pembe ya lile jicho zima.

"Umri huo," anamwambia, "na bado unapapasa."

FUNZO

Enyi mnaoagiza vitu ng'ambo, mnaoandika nguo ni mitumba na dawa ni sabuni: mnadhani mnamdanganya ofisa. Ofisa atamaliza zamu aende kwake. Uongo mliovusha mtaingia nao ndani, mtaulaza jikoni, na atakayeunywa au kuukaangia ni mtu asiyejua kwamba kuna uongo. Kitu kiitwe jina lake, mpakani na nyumbani. Na mwenzako akikuomba mara mbili uondoe hatari, ondoa, usimjibu "yote" ili anyamaze.

Ushuru ule kaka yangu alidhani ameukwepa. Ulilipwa. Mama anaulipa mpaka leo, kila anapotafuta tundu la sindano.