Sanduku la Milambo-Or

Jumatano, saa nne asubuhi.

Ismaël alichora kwa chaki juu ya meza, katika chumba cha nyuma cha gereji, mtaani Mikelenge. Mstari: barabara ya uwanja wa ndege. Mraba: ofisi ya Milambo-Or, wanunuzi wa dhahabu.

"Kesho saa tatu asubuhi sanduku linatoka. Walinzi iko wawili. Bunduki zao hazina risasi. Ninyi wawili munaingia, mimi nabaki na motokari."

Mwamba aliitikia kwa kichwa. Wakati wa vita alimbeba Ismaël mgongoni siku tatu, wakifuata reli kutoka Kibombo, risasi ikiwa pajani mwa mwenzake. Tangu hapo walikuwa chanda na pete.

Okito, mdogo wake Mwamba, ndiye aliyeuliza. "Unajua aje kama risasi hazimo?"

"Najua."

"Nani alikuambia?"

Ismaël alifuta chaki kwa kiganja. "Wewe chuo kilikufukuza kwa sababu ya karo ao kwa sababu ya maswali?"

Mwamba alicheka. Okito hakucheka.

Saa saba mchana.

Maktaba ya chuo ilikuwa na kompyuta nne. Mbili zilifanya kazi. Zainabu, mkutubi, alimkumbuka Okito tangu alipokuwa mwanafunzi wa biashara. Akamfungulia kanzidata za makampuni ambazo chuo kinalipia.

"Nataka kuomba kazi Milambo-Or," Okito alidanganya. "Nijue kwanza njo watu wa namna gani."

Aliandika jina la kampuni. Yakaja matangazo matupu: picha za tabasamu, maneno matamu.

Zainabu akainama begani kwake. "Kampuni inabadilisha jina kama muntu anabadilisha shati. Tafuta mwenye kutia sahihi. Na soma viambatisho. Huko njo wanaficha."

Okito alianza na kampuni ya ulinzi, jina aliloliona vifuani mwa walinzi wa Milambo-Or. Mkurugenzi: Ismaël Kalonda Sefu, mzaliwa wa Kibombo. Akalitafuta jina hilo peke yake. Likatoka tena: mwanahisa wa Milambo-Or. Kiambatisho cha mwisho kilikuwa muhtasari wa kikao cha wiki tatu nyuma. Dhahabu yote imekwisha kuuzwa. Kampuni itafungwa. Mzigo wa Alhamisi utakatiwa bima kubwa.

Chini kabisa, sahihi ya Ismaël.

"Wanaandika waziwazi hivi?"

"Nani anasoma?" alisema Zainabu.

Okito alielewa. Sanduku halikuwa na dhahabu. Bima ilihitaji wezi. Na wezi wafu hawasemi walichokikuta.

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi.

Walimngoja Ismaël nyuma ya stesheni. Mwamba alisoma polepole karatasi aliyoichapisha Okito maktabani, kidole kikifuata mistari. Kilipofika kwenye sahihi, kikasimama.

"Tukimbie, yaya," Okito alimwambia kaka yake. "Iko mtumbwi bandarini."

"Nilimubeba siku tatu."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nakunywa maji ya matope ili yeye anywe masafi." Mwamba alikunja karatasi, akaisukuma ndani ya shati. "Nataka kusikia kwa kinywa chake."

Honi ikalia. Ismaël alikuwa amefika.

Saa tatu kamili.

Motokari ilisimama mbele ya lango la Milambo-Or.

"Shukeni," alisema Ismaël, mikono kwenye usukani.

Mwamba, aliyeketi kando yake, hakusogea. "Leo Okito atabaki. Tuingie mimi na wewe."

"Mpango uliusikia."

"Bunduki hazina risasi. Unaogopa nini?"

Jasho lilimtiririka Ismaël hadi kwenye kidevu. Akashika gia ili kurudi nyuma. Hilo lilimtosha Mwamba. Akachomoa bastola kiunoni, akamkandamiza nayo ubavuni.

"Okito, shuka. Kwenda mbali."

"Yaya..."

"Shuka!"

Okito alishuka. Kutoka ng'ambo ya barabara aliona kaka yake akimvuta Ismaël kwa kola, akimtanguliza langoni.

"Ni mimi!" Ismaël alipiga kelele. "Musipige! Mimi njo mukubwa wenu!"

Lakini walinzi wale walikuwa wageni, wameletwa juzi kutoka Kailo. Sura ya mkubwa wao hawakuijua. Waliijua amri yake tu. Wanaume wawili watakuja langoni, pigeni. Wanaume wawili walikuja.

Wakapiga.

Ismaël alianguka kwanza. Mwamba akapiga magoti juu yake kama anayetaka kumbeba tena, kisha akalala.

Watu walitawanyika. Okito peke yake alivuka barabara kuelekea langoni, mikono juu, akilia kwa sauti.

"Fungueni sanduku! Fungueni watu waone!"

Walinzi walimlaza kifudifudi, wakamfunga mikono kwa kamba. Polisi walipofika, umati ulikuwa umerudi, na mama mmoja mwenye beseni la mihogo akadakia: "Lifungueni, basi!" Wengine wakapokea. Afisa akaona hana njia. Akaagiza sanduku litolewe nje, akavunja kufuli.

Mchanga wa mto.

Kelele zikapanda. Okito hakugeuka kutazama. Shavu likiwa vumbini, alikuwa anatazama mkono wa kaka yake, akingoja usogee.