Taya la Nguva

Mgeni akitarajiwa katika shule ya Bukiriro, usafi hugeuka vita. Siku hiyo kila jiwe lilipakwa chokaa. Hata mbuzi wa jirani angezubaa, angepakwa.

Nimpaye wa darasa la sita alikabidhiwa na Mwalimu Ntakirutimana ufunguo wa kabati la sayansi. Ndani mlikuwa na taya la nguva, mnyama wa baharini anayenyonyesha, lililoletwa zamani na mwalimu aliyetoka Kilwa. Nimpaye aliona aibu kwa jinsi lilivyochakaa, akaliloweka kwenye jiki, dawa ya kung'arishia nguo, asubuhi nzima.

"Limekuwa jeupe kuliko meno yako!" alicheka rafiki yake, Derick.

"Fagia huko!"

Mchana mgeni akaingia: Dokta Odeta, mtafiti wa nguva aliyewahi kusoma hapo.

"Shikamoo!"

"Marahaba, wanangu." Alilishika taya kwa mikono miwili. "Kwenye pwani yetu nguva waliobaki ni wachache mno. Ndani ya mfupa mna vinasaba, yaani maelezo ya uhai tunayorithi kwa wazazi. Nikivilinganisha na vya walio hai, nitajua kama wanazaliana ndugu kwa ndugu, na kundi lipi tuliokoe kwanza. Nimetafuta sana taya la nguva wa zamani. Nimepata hili tu. Nitakwangua unga kidogo hapa juu." Akasita. "Mbona jeupe hivi?"

"Watoto wetu wasafi," alijibu Mwalimu Ntakirutimana, akitabasamu.

Derick alimkanyaga Nimpaye mguu: nyamaza! Nimpaye alimtazama mwalimu aliyemwamini, kisha akamgeukia mgeni.

"Dokta, nilililoweka kwenye jiki. Tangu asubuhi."

Tabasamu la mwalimu likazimika. Dokta Odeta akaweka chini kifaa cha kukwangulia.

"Jiki huharibu vinasaba, mwanangu."

Nimpaye akaanza kulia. Hakuna aliyecheka, hata Derick.

Dokta aliligeuza taya, akayachunguza meno. "Basi nitachukua unga wa juu na wa ndani kabisa ya mzizi wa jino. Huenda jiki haikufika huko." Akautia kwenye bahasha mbili, na juu yake akaandika yote aliyoambiwa.

Miezi minne baadaye alipiga simu. Unga wa juu haukuonyesha kitu. Wa ndani ulisomeka.

Mwalimu aliwaeleza wanafunzi mstarini. "Nimpaye alikosea kwa kutouliza. Lakini angenyamaza, Dokta angekwangua juu tu, na nguva yule angepotea mara ya pili. Ukiharibu kitu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Kisha akamwita Nimpaye mbele, akamkabidhi tena ufunguo wa kabati.