Mahali na Mahari

Ghati alipalilia ulezi tangu alfajiri. Jua lilipopanda, alichota maji, akapika ugali, akamwogesha mwanawe Nyangi. Kisha aliketi kando ya ghala, akafungua kitabu cha Jiografia. Macho yalisoma, lakini kichwa hakikupokea kitu.

"Mama Nyangi," aliita Mogesi, mumewe, akitoka zizini. "Hata ng'ombe wa kulima hufunguliwa nira akichoka. Wewe nani atakufungua?"

"Chuo cha ualimu," alijibu Ghati bila kuinua kichwa.

Alitamani ualimu tangu utotoni. Lakini chuo hakimpokei mtu kwa kutamani tu. Kilihitaji ufaulu wa kidato cha nne usiopungua daraja la tatu. Ghati alikuwa na daraja la nne. Alirudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtu anayejisajili mwenyewe bila kuwa mwanafunzi wa shule. Akapata daraja la nne tena. Pointi moja tu ilimwacha nje. Sasa alikuwa amejisajili upya, na alikwisha kumwambia Mogesi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Mwili wake haukuwa na nguvu ya kujaribu tena.

Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu Verdiana alipita kwao. Alikuwa jirani yao, na alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Ninasoma, Mwalimu. Vitabu vyote nimevisoma. Sijui ninaangukia wapi."

"Hujui unapoangukia, nawe unazidi kukimbia? Niandikie insha fupi juu ya kijiji chako."

Ghati aliandika. Mwalimu Verdiana alivaa miwani, akasoma kwa sauti:

"'Mahari pangu pa kuzaliwa ni Kisaka. Mahari hapa pana mawe mengi.'"

Mogesi aliangua kicheko. "Mawe! Mimi nilipeleka ng'ombe kwenu, Mama Nyangi. Mawe alipeleka nani?"

"Nyamaza, Mogesi," alisema Mwalimu Verdiana. "Wewe uliponikaribisha uliniambia kwamba umekura ugali. Siku hizi ugali unapigiwa kura?"



Ghati hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Mwalimu, mimi nayasikia yote sawa."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe. Lugha yetu ya nyumbani haitenganishi l na r. Si aibu, wala si ujinga. Lakini Kiswahili huzitenganisha, na msahihishaji hatakuuliza ulikusudia nini. Atakukata alama. Tena ukiwa mwalimu, watoto wataandika kama unavyotamka."

"Sasa nifanyeje?"

"Tamka l. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno, inatulia. Tamka r. Ulimi unatetemeka. Kila neno lenye sauti hizo, litamke kabla ya kuliandika. Usipokuwa na hakika, fungua kamusi. Usikisie."

"Ni hayo tu?"

"Hayo yatakuchosha kuliko Jiografia."

Yalimchosha kweli. Kila alipoinua jembe alitamka: mahali, mahari; kula, kura. Akikosea, Mogesi aligonga ndoo. Mogesi naye akikosea, Ghati aliigonga ndoo hiyohiyo, na Mogesi aligongewa zaidi. Kila wiki Mwalimu Verdiana alimrudishia insha yenye wino mwekundu. Wino ule ulipungua polepole mno. Kuna siku Ghati alisinzia akiwa ameikumbatia kamusi, na sufuria ikaungua.

Akafanya mtihani. Matokeo yalipotoka, Mogesi alikuja mbio shambani, simu mkononi.

"Daraja la tatu! Mama Nyangi, daraja la tatu! Na Kiswahili ndicho kilichokupandisha!"

Ghati hakupiga vigelegele. Aliketi palepale kwenye udongo. Uchovu wote aliokuwa ameuzuia ulimshukia kwa pamoja. Mogesi alimwondolea jembe mkononi.

"Haya, nira imefunguliwa," alisema. "Nenda ukalale."

Akalala mchana kweupe, na hakuna aliyemwamsha.

Sasa Ghati yuko chuoni. Katika mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja wa kike aliandika ubaoni: "Shure yetu ni mahari pazuri." Wanafunzi wawili waliojua walicheka.

"Nyamazeni," alisema Ghati. Akamsogelea yule mtoto. "Hujakosa akili, mwanangu. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno. Itulize hapo. Sasa sema pamoja nami."