Chumba cha Plaiwudi cha Mama Mkwe

Kila asubuhi Wanjugu alimpelekea mama yake, Karambu, uji na vidonge vya kifua kikuu. Karambu alikuwa amehamia Runyenjes kwa binti yake ili awe karibu na zahanati. Lakini hakulala katika nyumba kubwa. Kwa desturi yao, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Basi Gichovi, mume wa Wanjugu na baba wa binti yao Winrose, alimjengea chumba uani kwa plaiwudi.

Alijenga kwa moyo mmoja. Alizika kingo za chini za plaiwudi ardhini, akarundika udongo kuuzunguka ukuta. Ndivyo watu hufanya kwenye nyumba za udongo ili baridi isipite.

Mvua za Aprili zikaja. Plaiwudi ikavimba na kubanduka. Blanketi la Karambu likalowa, kikohozi kikazidi.

"Nirudishe kwangu," alimwambia binti yake.

"Na dawa, mama? Kule zahanati ni mbali. Ukiziacha katikati, ugonjwa utakuwa sugu."

"Afadhali nife mahali pakavu."

Wanjugu alitoka nje akalia. Gichovi aliona uchungu, maana kazi ya mikono yake ndiyo iliyomuumiza mgonjwa. Akamwita jirani yao Gladys, fundi wa mbao.

Gladys alibonyeza ukuta. Kidole kikazama.

"Baba Winrose, plaiwudi hunywa maji kwenye kingo. Wewe umeisimamisha ndani ya maji."

"Si nilikuwa nazuia baridi?"

"Hiyo ni kazi ya msingi. Panga mawe kwa simiti, ukuta uanzie juu yake. Nunua plaiwudi ya nje, ile gundi yake haiogopi maji. Paka kingo zote rangi kabla ya kupiga misumari. Acha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, kwa sababu hutanuka, kisha uifunike kwa ubao mwembamba. Mabati nayo yatokeze nje, yatupe maji mbali. Na dirisha liko wapi?"

"Sikuweka."

"Weka. Mgonjwa wa kifua anataka hewa."

Karambu alilala kwa Gladys mpaka ukuta mpya ukaisha. Mvua iliendelea, lakini blanketi halikulowa tena. Alimeza dawa zote. Oktoba, vipimo vikaonyesha amepona.

Siku ya Karambu kurudi kwake, Wanjugu alikitazama chumba.

"Hii plaiwudi sasa itatufaa kwa banda la kuku."

"Mwambie mkwe wangu asiiguse," Karambu alisema. "Nikija kuwaona nitalala wapi?"