Tuta la Maji Matupu

Soko limefurika watu, jua la saa nne limepamba moto, ndipo kijana mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi likapigika, alipoinama mezani kwa binti muuza nyanya akaanza kuchagua zilizooza.

"Kaka, hizo za kutupa," binti alisema, akiweka vizuri mtandio wake wa zambarau.

"Ndizo nizitakazo, dada. Nafuga kuvu."

"Makubwa! Wenzio wanafuga kuku."

Wakacheka, na kicheko hicho kikazaa simu za kila jioni. Kijana alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mimea. Alimweleza taratibu, kama anayemenya chungwa: kuvu hutoa kimeng'enya, kitu kidogo kinachokata ganda la nyanya mithili ya mkasi, dawa aliyoibuni inaukwamisha mkasi huo, kuvu akabaki mlangoni na njaa yake. Binti alimtazama akashindwa kupepesa macho. Mwanamume anayejua adui anavyokula! Akampeleka kwa mama yake, mwenye bustani nyuma ya nyumba, dawa ikajaribiwe huko.

Mvua zilipokolea, matuta mengine yakastawi, nyanya zinang'aa kama shanga. Moja likaoza lote. Binti akashika simu.

"Mpenzi, hili tuta la ukutani ulilipulizia nini?"

"Maji tu, ila..."

"Maji! Mama anaishi kwa nyanya hizi, wewe unamchezea?"

Akakata. Akipigiwa, hapokei.

"Kwani umefiwa?" mama akamuuliza, akiyaona macho yamevimba.

Akasimulia. Mama akaangua kicheko. "Mwanangu we! Tuta lile nililichagua mwenyewe. Bila la maji kuoza, tungejuaje haya mengine yameponywa na dawa, si bahati tu? Aliniomba kwa adabu zake zote. Mimi ndiye sikukwambia."

Binti akatoka mbio hadi maabara. Akamkuta kati ya visahani vya kioo, hajanyoa, koti limekunjamana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani mama amekwambia. Nimekosa, laazizi."

"Sitaki mtu wa kunificha mambo. Kama kuna jingine, liseme sasa hivi."

Kijana akaweka chini kisahani alichoshika. "Nataka kukuoa."

Binti akashika kiuno.

"Na hilo mama analijua?"

Akainamisha kichwa. "Tangu kabla ya mvua."

Binti akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Basi nimebaki mimi tu kukubali. Haya, nimekubali."