Kiganja Kisicho na Mstari

Maji ya vuguvugu kwenye beseni la saluni ya kucha yalipoa mara tu mteja mgeni alipotumbukiza mkono. Mama Kucha hakujali, alilaumu birika.

Mdomo wake ulikuwa mtamu kuliko rangi alizopaka. Ili kila mteja atulize mkono, alikuwa akimsomea kiganja, na kila mtu alipewa habari ileile: mstari wa uhai, ule unaozunguka kidole gumba, ni mrefu ajabu. Hata kuangalia hakuangalia. Uongo mtupu, lakini wateja walirudi.

"Utaishi miaka na miaka, dada," alimwambia na huyu, macho kwenye tupa ya kucha.

"Una hakika?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Mteja akacheka, pakanuka nywele zilizoungua. Ndipo Mama Kucha alipokitazama kiganja. Kilikuwa laini kama sahani.

Kesho yake mteja alirudi na ufa mwembamba kiganjani. Siku ya tatu ufa ulirefuka. Mama Kucha alipokunjua mkono wake mwenyewe na kukuta mstari wake umefutika nusu, alimsukuma mteja nje, akafunga mlango wa saluni, akajibanza nyuma ya pazia akisikiliza kucha zikikwaruza kioo, zikipanda, zikishuka, huku harufu ile ikipenya chini ya mlango na sauti ikimbembeleza, "Nimalizie mstari, Mama Kucha, si wewe uliyenipa," mpaka hofu ikageuka hasira, akafungua kwa kishindo.

"Nilikudanganya!" alifoka. "Huna mstari! Hukuwa nao wala hutakuwa nao! Toka!"

Mteja alikitazama kiganja chake kikirudi kuwa kitupu. Hakukasirika.

"Kumbe kazi yenyewe ni kusema tu," alinong'ona, akaenda zake.

Mstari wa Mama Kucha ulirudi wote. Alikwenda kumchukua bintiye shuleni akicheka peke yake njiani.

Binti alimngoja getini, amekunja ngumi.

"Mama, kuna shangazi kanisomea kiganja."

"Shangazi gani?"

"Ananuka nywele za kuungua. Kasema sina mstari. Sikuwa nao wala sitakuwa nao."

Mtoto akakunjua mkono. Safari hii Mama Kucha aliangalia. Kiganja kilikuwa laini, na baridi kama maji ya beseni.

"Unao, mwanangu!" alilia, akikisugua. "Unao, mrefu ajabu!"

Hakuna kilichochoreka.

"Shangazi kasema utaniambia hivyohivyo," mtoto alisema taratibu. "Kasema unawaambia wote."